Hesabuni Pumzi za Mgonjwa kwa Dakika Nzima

Siku hizi presha inapimwa kila mahali. Inapimwa kwenye maduka ya dawa, kwenye mabanda ya Sabasaba na Nanenane, nje ya misikiti na makanisa siku za kambi za afya, na hata majumbani, kwa mashine ndogo ambazo watoto walio mjini huwanunulia wazazi wao kijijini. Ni jambo jema. Mzee wa miaka 60 anakutajia namba zake za presha na za sukari bila kuangalia karatasi. Joto nalo lilipata heshima yake wakati wa korona, vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso vilipoenea hadi milango ya benki. Lakini muulize mtu yeyote, msomi au asiye msomi, anapumua mara ngapi kwa dakika akiwa ametulia. Hajui. Muulize mama aliyetoka zahanati asubuhi hiyohiyo kama kuna aliyemfunua mtoto wake kifua na kumhesabia pumzi. Atakumbuka mizani, atakumbuka kipimajoto, atakumbuka kidole kilichotobolewa kwa kipimo cha malaria, atakuonesha na dawa alizopewa. Kuhesabiwa pumzi ni nadra akumbuke.

Muuguzi hufundishwa tangu mwanzo wa chuo kwamba mgonjwa ana vipimo vinne vya msingi visivyokosa kuandikwa: joto, mapigo ya moyo, presha na upumuaji. Vitatu vya kwanza vimepata mashine. Cha nne kimeachiwa jicho la muuguzi na saa yenye mshale wa sekunde, na ndicho kinachorukwa au kukisiwa kuliko vyote. Nasema bila kusita kwamba hilo ni kosa kubwa katika huduma zetu, na wanaolilipia ni familia za kawaida. Kuhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, kuandika namba iliyopatikana kweli, na kuwa na mtu anayewajibika kuijibu namba hiyo, ni huduma ambayo zahanati iliyoko mwisho wa barabara ya vumbi inaweza kuitoa leo kwa ubora uleule wa hospitali ya rufaa. Vipimo vyenye usawa wa namna hiyo ni vichache mno.

Kazi ya dakika moja

Tuitazame kazi yenyewe, maana wengi hudhani haina ujuzi ndani yake. Mtoto ana miezi kumi, ana kikohozi na homa ya siku mbili, amepakatwa na mama yake. Muuguzi anayeijua kazi haanzi kwa kumgusa. Hampandishi kwenye mizani, hamwekei kipimajoto wala hamtoboi kidole kwanza, kwa sababu mtoto anayelia hupumua ovyo na namba yake haina maana. Anamwomba mama amtulize, amnyonyeshe kidogo kama anataka, kisha ampandishe fulana taratibu. Anachagua sehemu moja ya kifua au tumbo ambapo mwendo wa pumzi unaonekana vizuri, anaikazia macho, na anahesabu mpaka mshale wa sekunde umalize mzunguko. Wakati huohuo anaangalia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa, kama matundu ya pua yanatanuka, kama anaguna kila anapotoa pumzi. Namba ikiwa juu, anahesabu tena. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Kwa wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka ni 50 au zaidi, na kwa wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano ni 40 au zaidi.

Viwango hivyo vina historia yake. Katika miaka ya 1980, huko Goroka kwenye nyanda za juu za Papua New Guinea, daktari Frank Shann na wenzake walikuwa wakitafuta njia ya kumtambua mtoto mwenye nimonia mahali ambapo eksirei na maabara ni ndoto. Walichokikuta ni kwamba kasi ya kupumua na kifua kinachobonyea vilimsaidia mhudumu kuliko sauti za kifuani ambazo daktari huzisikiliza kwa stethoskopu. Kutokana na kazi ya namna hiyo Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mwongozo wa wahudumu wa ngazi ya chini, na baadaye ukaingizwa katika mwongozo wa pamoja wa kutibu magonjwa ya watoto, ambao Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Matokeo yake yalipimwa hapahapa nyumbani. Wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, zilizoutumia mwongozo huo, zililinganishwa na Kilombero na Ulanga, ambazo zilikuwa bado. Ripoti iliyotoka mwaka 2004 ilionesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizoutumia, na gharama ya huduma haikuwa kubwa zaidi.

Sasa, kwa nini dakika nzima? Kwa nini muuguzi mwenye foleni ya watu asihesabu sekunde 15 kisha azidishe kwa nne? Chukua mtoto yuleyule wa miezi kumi. Akihesabiwa pumzi 12 katika robo dakika, ukizidisha unapata 48, na mtoto anarudi nyumbani. Zikihesabiwa 13, unapata 52, na mtoto anaanzishiwa dawa ya nimonia. Pumzi moja tu, ambayo muuguzi anaweza kuikosa kwa kupepesa macho au kwa mtu kumsemesha, ndiyo inayoamua. Zaidi ya hapo, mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio mmoja; huenda mbio kidogo, akapunguza, akasimama sekunde chache, akaanza tena. Robo dakika inaweza kuangukia kwenye mbio au kwenye kituo, na kote ikapotosha. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa wakiizungumzia wodi ya watoto, lakini sioni mahali ambapo usemi huo unatimia kirahisi zaidi ya hapo.

Si kila homa ni malaria

Tumeishi miaka mingi tukiamini kwamba mwili ukichemka ni malaria. Imani hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini iligharimu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukiwahusu wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Chini ya nusu yao ndio waliokutwa kweli na vimelea kwenye damu. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, ukatoka utafiti mwingine wa watoto 1,005 wenye homa waliopelekwa kliniki za nje Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikutwa kwa takribani mtoto mmoja kati ya kumi. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa.

Kipimo cha haraka cha malaria kimeleta nafuu kubwa, lakini kimezaa swali jipya ambalo wazazi wengi hukutana nalo bila kujibiwa: kipimo kikisema hakuna malaria, mtoto anaumwa nini? Hapo ndipo pumzi zinapohitajika kuliko wakati mwingine wowote, na hapo ndipo mara nyingi hazihesabiwi. Mzazi anaambiwa malaria hakuna, anapewa panado, anarudi nyumbani na nimonia mgongoni. Usiku wa pili mtoto hapati nafuu na kunyonya hawezi, saa nane za usiku baba anatafuta bodaboda ya kwenda hospitali ya wilaya, mbuzi wa akiba anauzwa kwa bei ya kutupa, na mama analala sakafuni wodini siku sita huku watoto wengine wakilelewa na jirani. Dawa ya nimonia isiyo kali ni amoksilini ya kumeza nyumbani, ya bei nafuu, ikianzwa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa fedha za kaya ambazo hazikuwepo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani mwaka 2019, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi vya kutosha. Katika utafiti ule wa Dar es Salaam na Ifakara, kati ya watoto waliokuwa na maambukizi ya njia ya hewa, ni wachache mno, asilimia 5 hivi, ambao eksirei ilithibitisha kuwa wana nimonia. Wengi wao walikuwa na mafua na vikohozi vya virusi, ambavyo antibayotiki haisaidii kitu. Mhudumu asiyehesabu pumzi hana cha kumtenganishia huyu na yule, na kwa hofu ya kumkosa mmoja mwenye nimonia huwaandikia wote antibayotiki. Mzazi ananunua dawa ambayo mtoto hakuihitaji, na vijidudu vinazoea dawa ambayo kesho mtoto mwingine ataihitaji kweli. Kwa hiyo dakika ile moja hulinda pande zote mbili. Hivi kuna dawa ngapi kwenye stoo zetu zenye faida ya namna hiyo?

Pumzi hutangulia presha

Kwa watu wazima kipimo hiki hupuuzwa zaidi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwili unapoanza kuzidiwa, iwe kwa maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, kwa damu inayovujia ndani, kwa figo zilizochoka au kwa sukari iliyopanda mpaka damu ikajaa asidi, ubongo huamuru mapafu yaongeze kazi. Mabadiliko hayo hujitokeza mapema, mara nyingi saa kadhaa kabla presha haijaanguka. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walikiita upumuaji kipimo kilichotelekezwa, wakieleza kwamba hospitali zao, pamoja na utajiri wake wote, zilikuwa zikikiruka vilevile. Nchini Uingereza, mfumo wa kitaifa wa kumpa mgonjwa alama kulingana na vipimo vyake, ulioanza mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017, unatoa alama za juu kabisa kwa mtu mzima anayepumua mara 25 au zaidi. Namba hiyo peke yake, hata kama vingine vyote viko sawa, inatosha kumfanya muuguzi aite daktari haraka.

Mfikirie mama kijana aliyejifungua jioni bila tatizo. Mwili wake una damu ya ziada aliyoitengeneza wakati wa ujauzito, na mishipa yake bado ina nguvu ya kujikaza. Anaweza kupoteza damu zaidi ya lita moja huku mashine ya presha ikisoma 110 kwa 70. Mapigo ya moyo yatakuwa yamepanda, pumzi zitakuwa zimeongezeka, viganja vitakuwa vimepoa, na ukibonyeza ukucha rangi itachelewa kurudi. Muuguzi anayeitegemea mashine peke yake ataandika kwamba mama anaendelea vizuri. Presha itakapoanguka, itaanguka ghafla, na muda wa kuita gari, kutafuta damu na kuandaa chumba cha upasuaji utakuwa umeliwa. Vifo vya uzazi nchini Tanzania vimepungua sana kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 kutoka 556 katika utafiti uliotangulia. Ni mafanikio yanayostahili pongezi. Lakini wanawake waliobaki katika hesabu hiyo hawataokolewa kwa kujenga majengo tu, na kutokwa damu bado kumo katika sababu kubwa za vifo vyao.

Kuhesabu pumzi za mtu mzima nako kuna ufundi wake. Ukimwambia mgonjwa kwamba unamhesabia pumzi, atabadilisha namna anavyopumua bila hata kukusudia. Ndiyo maana muuguzi mzoefu hushika kifundo cha mkono kwanza, akahesabu mapigo ya moyo, kisha, bila kuuachia mkono, akahamishia macho kifuani na kuanza kuhesabu pumzi. Mgonjwa anadhani bado ni mapigo. Huo ni utaalamu, na unapaswa kuheshimiwa hivyo.

Namba isiyo na wa kuijibu

Tatizo la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Fungua faili la mgonjwa katika wodi nyingi, hapa kwetu na ng'ambo, utakuta safu ya upumuaji imejazwa 20, 18, 20, 20, 18, kwa wagonjwa kumi wenye magonjwa kumi tofauti. Tafiti za nchi mbalimbali zimeuona mtindo huo. Binadamu hawapumui hivyo. Namba hizo zimeandikwa ili safu isibaki wazi, kwa sababu mkaguzi huuliza kama imejazwa na haulizi kama ni ya kweli. Mficha maradhi kilio humuumbua, na faili lililojazwa kwa kukisia ni kuficha maradhi kwa maandishi rasmi. Hata hivyo siwezi kumtupia muuguzi lawama yote. Mtu aliyewahi kuandika 34 akamwarifu mkubwa wake, asipate jibu, akaandika tena 36 usiku uleule asipate jibu, anajifunza haraka kwamba namba ya kweli na namba ya kubuni zina hatima moja.

Ushahidi kwamba kipimo huokoa pale tu kinapofungamana na hatua tunao, na sehemu yake imetoka kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuwahusu wanawake zaidi ya 210,000, ulishughulikia damu inayotoka baada ya kujifungua. Kabla ya hapo wakunga walikuwa wakikadiria damu kwa macho, na karibu nusu ya wanawake waliotokwa damu nyingi hawakugundulika. Katika hospitali zilizopewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, mkunga aliona kiasi halisi, na mstari ulipofikiwa hakusubiri: alikanda mfuko wa uzazi, akatoa dawa za kuubana, dawa ya kugandisha damu na maji ya mshipani, akachunguza chanzo, akaita msaada, vyote kwa pamoja. Ugunduzi ulifikia asilimia 93, na madhara makubwa, yaani kutokwa damu kupita kiasi, kufanyiwa upasuaji kwa sababu hiyo au kufa kwa kutokwa damu, yalishuka kwa asilimia 60. Mfuko peke yake usingefanya hivyo. Mkunga alijua afanye nini namba ikifika, na alikuwa na ruhusa ya kukifanya.

Katika Hospitali ya Muhimbili nako kulijaribiwa jambo la aina hiyo katika chumba cha wagonjwa mahututi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Wauguzi walipewa mpango unaosema wazi kwamba kipimo fulani kikivuka kiwango fulani, anza hatua hii, kisha mwite daktari. Matibabu ya haraka baada ya dalili ya hatari yaliongezeka, na vifo vilipungua kwa wagonjwa waliofika na presha ya chini mno. Na tusidhani kwamba wagonjwa mahututi wako kwenye vyumba hivyo tu. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kutolewa mwaka 2025 ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na wengi wao, takribani asilimia 69, walikuwa katika wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Wengi hawakuwa wakipata hata oksijeni au maji ya mshipani waliyoyahitaji. Watu hawa walikuwa ndani ya hospitali, kitandani, na faili ukutani. Nani alikuwa amewahesabia pumzi?

Wauguzi ni wachache, na mashine zipo

Pingamizi la kwanza ni la haki kabisa. Wodi ya wagonjwa 40 usiku inaweza kuwa na muuguzi mmoja na mhudumu wa kumsaidia. Dakika moja kwa kila mgonjwa ni dakika 40, na bado kuna dripu, sindano, mgonjwa wa kugeuzwa na mwingine anayeingia. Sitasema kwamba ajitahidi tu. Serikali iajiri, maana wahitimu wa vyuo vya uuguzi wapo mitaani wakisubiri. Lakini hata kabla ya ajira hizo kufika, muda unaweza kupatikana mahali fulani. Muuguzi huyohuyo anajaza taarifa ileile kwenye vitabu vya takwimu vya MTUHA, kwenye faili, kwenye rejesta ya wodi, na wakati mwingine kwenye kompyuta. Kupunguza marudio hayo ni uamuzi wa ofisini, hauhitaji bajeti mpya. Pia si lazima wote 40 wahesabiwe sawasawa kila baada ya saa nne. Kila anayeingia ahesabiwe. Baada ya hapo muda uelekezwe kwa aliyetoka upasuaji, aliyejifungua, mwenye homa, mtoto, na yeyote ambaye ndugu zake wanasema amebadilika. Wauguzi wachache ndio sababu kubwa ya kujua nani yuko hatarini. Wodi yenye wauguzi wengi inaweza kumudu uzembe wa kutojua kwa muda, wodi yenye mmoja haiwezi.

Pingamizi la pili ni la kisasa: kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni kimepungua bei, kwa nini tuhangaike na saa? Nakitaka kifaa hicho katika kila zahanati, na nasikitika kwamba hakijafika kote. Kinaona upungufu wa oksijeni ambao jicho huukosa. Lakini kinaona oksijeni tu. Mgonjwa wa sukari mwenye damu iliyojaa asidi, au mama anayevuja damu, anaweza kusomeka asilimia 98 huku akipumua mara 34. Vidole vya baridi na kucha zilizopakwa rangi au piko huweza kukidanganya. Na kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja: utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulionesha kwamba wagonjwa weusi, ukiwalinganisha na weupe, walikuwa na karibu mara tatu ya visa ambapo kifaa kilisoma kiwango kizuri wakati damu yenyewe ilikuwa na upungufu. Bara la watu weusi likiweka imani yake yote kwenye kifaa hicho na kuacha kuhesabu, litakuwa limejiumiza lenyewe. Betri nayo huisha.

Wapo pia wanaosema kwamba kumchunguza mgonjwa ni kazi ya daktari, muuguzi akamilishe maagizo. Hoja hiyo imepitwa na mafunzo yenyewe. Muuguzi wa stashahada na wa shahada hufundishwa kuangalia, kupapasa, kugongagonga na kusikiliza. Hufundishwa hata kwamba tumbo husikilizwa kabla ya kubonyezwa, kwa kuwa ukilibonyeza kwanza sauti za utumbo hubadilika. Daktari huja kwenye raundi asubuhi, muuguzi yupo saa zote. Kumnyima anayekaa na mgonjwa usiku kucha mamlaka ya kutafsiri anachokiona, na ya kuanzisha oksijeni au maji kwa mwongozo ulioandikwa, ni kuamua kwamba mgonjwa aliyezidiwa saa tisa usiku asubiri kuche.

Ndugu walio kando ya kitanda

Katika hospitali zetu ndugu ni sehemu ya huduma, tukubali tusikubali. Ndio wanaoleta uji, wanaomwogesha mgonjwa, wanaolala chini ya kitanda pale wanaporuhusiwa. Wanamjua mtu wao kabla hajaugua. Bibi anaposema mjukuu wake leo hapumui kama jana, ametoa taarifa ya kitabibu, na akijibiwa kwa kufokewa, taarifa imetupwa. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 2024 hospitali zilianza kutekeleza utaratibu unaoitwa Kanuni ya Martha, unaoipa familia haki ya kuomba timu nyingine imwone mgonjwa haraka inapoona anazidiwa na haisikilizwi. Umepewa jina la binti wa miaka 13 aliyefariki mwaka 2021, ambaye wazazi wake waliona anazidiwa. Kwetu tunaweza kuanza na dogo zaidi: bango wodini, kwa Kiswahili, linalomruhusu ndugu kusema, "Nesi, naomba umhesabie pumzi, naona amebadilika," na muuguzi awe na wajibu wa kufanya hivyo na kuandika.

Nyumbani napo mzazi anaweza kumfunua mtoto anayekohoa, akaiweka simu yake ipime dakika, akahesabu. Anachohesabu kisimfanye ajitibu kwa dawa za dukani; kimfanye aondoke. Pumzi zikivuka kiwango, au kifua kikibonyea ndani, au mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, safari ya kituo cha afya isingoje asubuhi. Atakayesema kwamba hili litawajaza wazazi hofu na kufurika zahanati ajiulize ni foleni ipi bora, ya watoto waliowahi au ya waliochelewa.

Timu za usimamizi za halmashauri zinapozuru vituo hukagua vitabu, stoo ya dawa na jokofu la chanjo. Waongeze jambo moja. Wachague mgonjwa yeyote aliyelala, wamhesabie pumzi wao wenyewe kwa dakika nzima, kisha wafungue faili lake waangalie iliyoandikwa asubuhi hiyo. Tofauti ikiwa kubwa, swali la kwanza lisiwe nani aadhibiwe. Waulize zamu ile ilikuwa na wauguzi wangapi, kama saa ya ukutani inatembea, na mara ya mwisho namba ya juu ilipoandikwa katika wodi hiyo, nani aliitwa na alifika saa ngapi.